Nani Alimpelekea Liyongo Mkate? Wenzi na Wasaidizi wa Mashujaa wa Pwani na wa Ziwani

  

Sisi vijana wa Migori na Homa Bay tumelelewa na visa vya namna mbili. Madrasa tulisomeshwa sira na visa vya Mitume (a.s.). Nyumbani, kwa nyanya, tukapewa Luanda Magere, Nyamgondho na Simbi. Wale ambao babu zao walikuja na biashara kutoka Pwani wakaongezewa na Fumo Liyongo. Na ukimwuliza kijana yeyote kati yetu leo akusimulie mojawapo ya visa hivyo, atakueleza nguvu za shujaa, atakueleza adui zake na namna alivyokufa. Muulize basi: alikuwa na nani njiani? Nani alimpikia? Nani alimwonyesha njia? Hapo wengi wetu tunakwama. Hata mimi ninayesoma historia chuoni ilibidi nirudi nyuma niulize upya.

Kabla sijaendelea niweke jambo moja wazi, nisije nikaeleweka vibaya na maustadh wetu. Visa vilivyomo ndani ya Qur'ani na sira ni haki, na ngano ni ngano. Siviweki kwenye mizani moja. Lakini ngano nazo ni ushahidi wa aina yake, kwani zinaonyesha watu waliozisimulia walimwamini nani na walimwogopa nani. Hilo ndilo ninalolitafuta hapa, na mbele utaona kwa nini si jambo la mchezo kwa watu wanaokaa kanda hii yetu.

Tuanze Pwani. Kisa cha Fumo Liyongo kiliwekwa katika utenzi na Muhammad bin Abubakar Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, kutokana na yale yaliyokuwa yakisimuliwa na kuimbwa Lamu, Pate na kwenye delta ya mto Tana tangu zamani. Wataalamu bado wanabishana Liyongo aliishi karne gani. Watu wa upande wa Kipini, pale mto Tana unapoingia baharini, wao hawana ubishi, wanakuonyesha kaburi lake. Alikuwa mtu mrefu kupita kiasi, fundi wa upinde, na mshairi. Mfalme wa Pate akamwogopa asije akamnyang'anya kiti.

Wenzi wa kwanza wa Liyongo tunaokutana nao walikuwa wa kununuliwa. Mfalme alituma watu wa mwituni, Wasanye na Wadahalo, akawaahidi fedha wakimletea kichwa chake. Wakajifanya marafiki. Wakala naye kikoa, yaani kila siku mmoja wao anatoa chakula cha wote kwa zamu, kama vile akina mama wetu wanavyozungusha pesa kwenye vyama vyao. Chakula chenyewe kilikuwa makoma, matunda ya mkoma, na mwenye zamu hupanda mti akawaangushia wenzake. Hesabu yao ilikuwa nyepesi tu, siku ya Liyongo akishapanda juu, watamfuma mishale kutoka chini. Zamu yake ilipofika hakupanda. Aliwaambia wachague mti wanaoutaka, akavuta upinde, akayaangusha makoma kwa mishale mpaka wote wakashiba. Wakabaki wanatazamana. Walirudi kwa mfalme wakamwambia huyu hatumwezi.

Mfalme akatafuta hila nyingine, Liyongo akakamatwa Pate na kutiwa gerezani kwa minyororo, akingojea kuuawa. Na hapa ndipo anapoingia mtu ambaye kwangu mimi ndiye shujaa wa sehemu hii yote. Jina lake Saada. Alikuwa kijakazi wa mama yake Liyongo, na kazi yake ilikuwa kumpelekea mfungwa chakula kila siku. Askari wa mlangoni walikuwa wakikipokea chakula kizuri wakakila wao, na Liyongo wakamwachia makombo. Basi siku moja Liyongo akamwimbia Saada wimbo pale pale mlangoni, askari wakisikia. Wimbo ulikuwa ujumbe kwa mama: afanye mkate wa wishwa, na ndani yake atie tupa. Askari walisikia maneno lakini hawakupata maana. Saada akaubeba wimbo kichwani mpaka nyumbani, neno kwa neno. Mama akaelewa. Akapika mikate mizuri na pamoja nayo mkate mmoja mkubwa wa wishwa. Askari, tamaa ikiwaongoza, wakaila ile mizuri na kuutupilia mbali ule wa wishwa, ati huo ndio umfaao mfungwa. Ndivyo tupa zilivyomfikia.

Usiku wa mwisho Liyongo akaomba kitu kimoja tu, achezewe ngoma ya gungu. Akawafundisha watu namna ya kupiga na kuitikia. Matari, upatu na pembe vikarindima, watu wakaimba kwa sauti, na ndani ya kelele hizo yeye akawa anakata pingu. Alipomaliza akavunja mlango akatoka. Watu wakakimbia.

Hebu hesabu ni wangapi waliomtoa Liyongo gerezani. Mama yake, aliyefumbua fumbo. Saada, aliyelibeba. Na mji mzima uliopiga ngoma bila kujua unasaidia nini. Peke yake Liyongo alikuwa na nini? Alikuwa na sauti. Nguvu zake zote zile zilikuwa zimefungwa kwa chuma.

Kati ya hao wote, mwenye kubeba hatari kubwa alikuwa Saada. Liyongo angeuawa, angeuawa kama mwana wa wafalme na watu wangemlilia. Kijakazi akikamatwa na tupa ndani ya mkate, nani angeuliza habari zake? Kila siku alipita mbele ya askari wenye silaha, na siku ile alipita na mkate ambao akiangusha tu mambo yamekwisha. Utenzi haukusimama sana kwake baada ya hapo, safari inaendelea na shujaa. Lakini Kijumwa alilihifadhi jina lake, na hilo si dogo, mtaona.

Mwisho wa Liyongo mnaujua. Hakuna chuma kilichomuingia, isipokuwa sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Siri hiyo mfalme aliipata kwa njia ya kijana wa Liyongo mwenyewe, ambaye mama yake alikuwa mwanamke wa Wagala. Kijana aliahidiwa kuozwa binti wa mfalme. Akamuuliza baba siri ya mwili wake, na baba, ingawa moyo ulishamwambia kwamba ametumwa, akamwambia. Akamchoma akiwa amelala. Liyongo aliamka, akachukua upinde wake, akaenda akapiga goti kisimani na mshale umevutwa, akafa hivyo hivyo. Watu hawakuthubutu kuteka maji, wakidhani yu hai. Mama yake akaitwa ambembeleze kwa nyimbo ainuke. Ni siku ile alipoanguka ndipo walipojua amekufa zamani. Yule kijana naye hakumpata binti wa mfalme, alikufa kwa maradhi na majuto.

Sasa tuhame tuje ziwani.

Msomaji wa Kijaluo atakuwa ameshaanza kutabasamu, maana kisa hiki ni kama anakijua. Luanda Magere alikuwa shujaa wa Kano, huko Kisumu. Luanda ni mwamba, na mwili wake ndivyo ulivyokuwa, mkuki unagonga unarudi. Kila Wanandi walipokuja vitani aliwafukuza. Waliposhindwa kwa silaha wakaomba amani, wakampa binti yao mzuri awe mke wake. Wazee wa ukoo walimwonya, hakuwasikia. Siku moja akaugua, na mke wake wa kwanza hakuwa karibu. Akamwambia mke wa Kinandi amchanje ampake dawa. Wembe haukuingia mwilini. Ikabidi amwambie siri: chanja kivuli changu. Mke akakichanja kivuli, damu ikatoka. Usiku akatoroka akarudi kwao na habari hiyo. Vita vilipoanza tena, mpiganaji mmoja aliukwepa mwili akakilenga kivuli, na Luanda Magere akaanguka akageuka jiwe. Jiwe hilo watu wa Kano wanalionyesha hadi leo, na husemwa kwamba ukilinolea mkuki juu yake utabahatika kwenye uwindaji.

Kwa Kijaluo kivuli ni tipo, na neno hilo hilo hutumiwa pia kwa roho ya mtu. Kwa hiyo aliyechanja kivuli hakuchanja giza la jua tu. Alishikishwa kitu cha ndani kabisa.

Nimeviweka visa hivi viwili pamoja makusudi. Mashujaa wawili, mmoja wa mikoko ya Tana na mwingine wa uwanda wa Kano, kilomita mamia kati yao, na wote wawili mwili haupenyeki isipokuwa mahali pamoja. Wote wawili waliuawa na siri waliyoitoa kwa vinywa vyao. Na wote wawili, tazama sana hapa, siri ilitoka kupitia mtu wa nyumbani mwenye damu ya nje: mke Mnandi, mwana wa mama Mgala. Wasimuliaji wa pande zote mbili ni kama walikaa wakakubaliana kwamba mgeni aliyeingia kwa ndoa ndiye mlango wa adui.

Hili ndilo linalonisumbua. Kisa cha Luanda Magere hakisimuliwi kwetu kama burudani tu. Kijana akitaka kuoa nje ya kabila, mzee mmoja atakohoa na kumkumbusha Luanda Magere. Nimeyasikia kwenye harusi, na nimeyasikia yakisemwa kwa mzaha msikitini, mbele ya watu waliokuwa wamesimama safu moja dakika chache zilizopita. Na mpaka wa Waluo na Wakalenjin si wa ngano. Sondu, mwendo mfupi tu kutoka Homa Bay, watu waliuana mwaka 2023, maduka na nyumba zikachomwa. Mtoto anayekua na kisa ambacho jirani yuko ndani yake kwa kazi moja tu, kusaliti, anakua na nini?

Basi hebu tukisome tena taratibu. Yule mwanamke hakujipeleka. Alitolewa na wazee wa kwao kama sehemu ya mapatano, akapelekwa kwa mtu aliyekuwa amewaua kaka zake vitani. Hakuna aliyemuuliza anataka nini. Kwetu anaitwa msaliti. Upande wa pili wa mpaka huyo huyo ni binti aliyeingia peke yake katika boma la adui, akarudi na habari iliyowaokoa watu wake. Kama angekuwa Mjaluo na Luanda Magere akawa Mnandi, tungempa jina la mtaa. Na jambo linaloniuma zaidi kama mtu wa historia: hana jina. Saada kijakazi ana jina. Mwanamke aliyebadilisha vita vizima, katika masimulizi niliyoyasikia mimi, ni "mke wa Kinandi" basi.

Na kuna ushahidi mwingine wa kupinga ile hukumu ya wazee, tena uko ndani ya visa vyetu wenyewe. Twende Gwassi, Homa Bay, ufukwe wa Nyandiwa. Nyamgondho mwana wa Ombare alikuwa mvuvi maskini. Siku moja wavu wake ukaleta bibi kizee badala ya samaki. Hakumtupa. Alimchukua nyumbani, na kuanzia hapo ng'ombe wakajaa zizini, kondoo, mbuzi, wake wengi, jina likavuma. Utajiri ukamlevya, na pombe nayo ikamlevya. Usiku mmoja alirudi amelewa akakuta lango limefungwa, akamtukana yule bibi kwa hasira, akamkumbusha kwamba alimvua tu ziwani. Bibi hakujibizana naye. Aliondoka akaelekea majini, na kila kilichokuja naye kikamfuata, ng'ombe mmoja mmoja, mpaka wa mwisho. Nyamgondho alibaki ameegemea fimbo yake akitazama, akageuka mti. Watu wa Nyandiwa huonyesha alama za kwato kwenye miamba.

Hapo mgeni kabisa, mtu ambaye hata nchi kavu si kwao, ndiye msaidizi, na msaliti ni mwenyeji. Mbona hatukohoi na kisa hiki kwenye harusi?

Bibi kizee huyu ni mtu wa kudumu katika ngano za Waluo. Simbi Nyaima, karibu na Kendu Bay, ni yeye tena: amekuja usiku na njaa, kijiji kizima kinasherehekea kinamfukuza, mwanamke mmoja tu anamkaribisha. Huyo na wake wakaambiwa waondoke, na kijiji kikazama, ziwa la chumvi likabaki. Na katika kisa cha ndugu wawili, ambao Waluo wa Kenya huwaita Aruwa na Podho na Waacholi wa Uganda huwaita Labongo na Gipir, ni yeye vile vile. Mmoja alimchoma tembo kwa mkuki wa nduguye, tembo akaondoka nao. Mwenye mkuki akakataa fidia yoyote, anautaka ule ule. Mwenzake akafunga safari peke yake mpaka nchi ya tembo, mahali ambapo hakuna anayerudi. Huko akakutana na kikongwe, akampa chakula, akamwonyesha mkuki ulipo, akamtoa salama na kumzawadia shanga nzuri. Safari ya kishujaa kuliko zote katika masimulizi ya Waluo ilifanikiwa kwa sababu ya mwanamke mzee wa upande wa tembo. Halafu akarudi nyumbani, kwa ndugu yake wa tumbo moja, na hapo ndipo damu ilipomwagika: mtoto wa nduguye akameza ushanga mmoja, naye kwa kulipiza akautaka ule ule, mtoto akapasuliwa tumbo. Ndugu wakaachana. Waacholi wanakuonyesha mahali pa kuachana huko Pakwach, kwenye mto Nile. Wageni walimsaidia, ndugu wakauana watoto. Hivyo ndivyo kisa kilivyo, sikukipinda.

Wanaofikiri visa hivi vilitungwa na wanaume kando ya moto wa askari wajue kwamba vingi vilihifadhiwa ndani ya siwindhe, nyumba ya bibi mzee ambamo watoto walilala na kufundishwa. Labda ndiyo maana bibi kizee ana kazi kubwa ndani yake. Haya ni maoni yangu tu, ila sioni ubaya wake.

Kuna ambao watauliza, na Gor Mahia je, mtu wa hapa hapa Kanyamwa, Ndhiwa? Gor mwana wa Ogada alikuwa mtu wa kweli, aliishi mpaka wakoloni wakamkuta, na timu ya mpira iliyoanzishwa mwaka 1968 ikachukua jina lake. Lakini katika masimulizi yake Gor hahitaji mtu, anajigeuza atakavyo kwa uganga, na uganga sisi Waislamu tumeukatazwa. Kwa mada yangu hana mengi. Kama ni kutafuta ukumbusho wa kazi ya wengi, bora niende Thimlich Ohinga, Migori, iliyoingizwa katika urithi wa dunia na UNESCO mwaka 2018. Kuta zile za mawe, zilizoanza kujengwa karne ya 16 hivi, zimepangwa bila udongo wala saruji na bado zimesimama. Hazina jina la shujaa hata mmoja. Jiwe moja linashikwa na jirani yake, basi. Na jamii zilizokaa humo na kuzikarabati zilikuwa zaidi ya moja. Hata Wasuba wa Rusinga, Mfangano na Gwassi, tunaowaona leo wakizungumza Kijaluo, walikuwa na lugha yao. Kilichowafanya Kijaluo kiwe lugha ya nyumbani kwa sehemu kubwa ni ndoa, mama Mjaluo akimlea mtoto kwa lugha yake. Nusu ya nchi hii ya kwetu imejengwa na wake wa nje.

Sasa nirudi kwenye haki, kwa sababu hapa tunao mfano uliothibiti. Mwaka 622 Mtume Muhammad (s.a.w.) aliondoka Makka usiku pamoja na Abubakar (r.a.). Yeye ndiye mwenzi ambaye Qur'ani katika Suratut Tawba inamtaja kuwa wa pili wa wawili pangoni, na sote tunamjua. Lakini safari ile ilikuwa na watu wengine zaidi, kila mmoja na sehemu yake. Abdullahi bin Abubakar, kijana mdogo, alishinda Makka mchana akisikiliza Maquraishi wanapanga nini, na usiku akalala pangoni Thaur na kutoka kabla ya alfajiri. Asmaa bint Abubakar aliandaa chakula, akakosa kamba ya kufungia, akapasua mshipi wake vipande viwili, akaitwa mwenye mishipi miwili. Amir bin Fuhaira, mtumwa aliyekuwa amekombolewa na Abubakar, alichunga kondoo jirani na pango, wakapata maziwa, na kondoo wakazifuta nyayo za Abdullahi. Ukimtazama Asmaa na chakula chake na Amir na kondoo wake, utafahamu kwa nini Saada wa Liyongo ananigusa. Ni kazi za watu ambao adui hakuwa na haja ya kuwatazama.

Na yule wa mwisho ndiye ninayetaka wazee wa harusini wamsikie. Mwonyesha njia wao alikuwa Abdullahi bin Uraiqit. Hakuwa Mwislamu. Alikuwa bado kwenye dini ya Maquraishi, wale wale waliokuwa wakimtafuta Mtume. Alikabidhiwa ngamia wawili siku kadhaa kabla, akapewa miadi: baada ya usiku tatu, mlango wa pango Thaur. Maana yake alijua mahali. Alijua siku. Na Maquraishi walikuwa wametangaza ngamia mia moja kwa atakayewaleta. Ngamia mia moja, ndugu yangu! Mwana wa Liyongo alimuuza baba yake kwa ahadi ya ndoa. Wadahalo walitaka fedha za mfalme. Huyu alikuwa na siri yenye bei kuliko zote, hana undugu wa imani nao, na akafika kwa miadi yake na ngamia wote wawili, akawapitisha njia za upande wa pwani ambazo watu hawakuzizoea, mpaka Madina.

Mtume (s.a.w.) na Abubakar hawakumchagua kwa kubahatisha. Walimchagua kwa kuwa alikuwa hodari wa njia na walimjua ni mwaminifu. Walimpima kwa vitu viwili, kazi yake na amana yake. Kabila na dini ya ukoo wake havikuwa mizani ya kazi ile.

Wakati mwingine shujaa mwenyewe huomba msaidizi kwa ulimi wake. Musa (a.s.) alimwomba Mola wake ampe Harun awe waziri, kisa kiko Sura Taha. Na katika Sura Kahf, ambayo wengi wetu tunaisoma kila Ijumaa, Musa anasafiri na kijana wake, na hadithi inatuambia alikuwa Yusha bin Nun. Kijana akasahau kutaja habari ya samaki, na kusahau kwake ndiko kulikoonyesha mahali walipopatafuta. Dhulqarnaini naye, pamoja na ufalme wake wote, aliwaambia watu wasaidie kwa nguvu zao ndipo ajenge ule ukuta.

Nimalizie na ziwa letu, maana hapa hata vitabu vya shule vimekosea adabu. Tumefundishwa kwamba Speke alifika kwenye ziwa hili Agosti 1858, upande wa Mwanza. Burton alibaki Tabora. Speke hakujua lugha za huko. Aliyekuwa naye, akizungumza kwa niaba yake, akisimamia wapagazi, alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni na kuuzwa mpaka India, akapata uhuru na kurudi Unguja. Jina tu linakuambia amepita wapi. Huyu alirudi tena na Speke katika safari ya 1860 hadi 1863, akaenda na Stanley mwaka 1871, kisha akavuka bara zima na Cameron mpaka bahari ya Atlantiki, 1873 hadi 1875. Chama cha Jiografia cha Kifalme cha London kilimpa nishani ya fedha na posho ya uzeeni. Alifariki 1885. Ukihesabu maili, alitembea Afrika kuliko wengi wa hao mabwana zake.

Na Livingstone alipofariki mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo, akina Susi na Chuma ndio walioukausha mwili, wakaubeba pamoja na wenzao karibu sitini, miezi mingi kwa miguu, hadi Bagamoyo, Februari 1874. Katika msafara alikuwemo pia Halima, mpishi wake. Mazishi yakafanyika London tarehe 18 Aprili 1874, na kati ya wale wote waliobeba, aliyekuwepo ni mmoja tu, Jacob Wainwright. Susi na Chuma walifika Uingereza baadaye, kaburi likiwa limeshafunikwa.

Majina yao tunayo kwa sababu wazungu waliandika. Majina ya wa kwetu yako vinywani mwa wazee, na wazee wanaondoka. Kwa hiyo nina ombi kwa wasomaji wa Kendu Bay, Mbita, Rongo, Awendo, na hasa walioolewa au kuoa upande wa Nandi na Kericho. Idi itakapofika, inshallah, mtaenda kusalimia. Muulizeni nyanya, wa huku na wa kule, yule mke wa Luanda Magere aliitwa nani, na kwao wanamsimulia vipi. Andikeni kama alivyosema, hata kama hamkubaliani naye, mkaniwekee kwa katibu wa jumuiya.